Sauti Isiyo na Mwenyewe

Haumae alikuwa na masikio, na alijua kwamba anayo. Watu wa vijiji vyote vya mtoni, huku kusini mwa kisiwa cha Malaita, walikubali kwamba hakuna aliyeusikiliza msitu kama yeye. Ndiye aliyewasikia hondohondo wawili wakikata bonde, mabawa yao yakivuma kama mtu anayepepea moto, akauchukua mvumo ule akautia kwenye filimbi za mianzi, na mpaka leo ukipigwa wazee huinua macho kutazama juu. Ndiye aliyetunga wimbo wa matawi mawili yanayosuguana, na ule wa mtoto anayelia huku akitembezwa mgongoni. Tangu ujana wake yeye ndiye aliyesimama katikati ya kikundi, na wenzake wakimzunguka, kila mmoja na filimbi zake, wakingoja aguse chini kwa kisigino waanze.

Lakini hata kisima kizuri kina msimu wake wa tope. Misimu kadhaa ilikuwa imepita bila Haumae kuleta kitu kipya. Alikuwa akipiga zilezile, vizuri sana, na watu wakaanza kula huku anapiga. Mtungaji yeyote atakuambia kwamba ukiona watu wanatafuna magimbi wakati unapuliza, mambo yako si mazuri.

Aliyesema waziwazi alikuwa Ohoari, mtoto wa dada yake, kijana mwenye pumzi ndefu na mdomo mrefu kuliko pumzi. Walikuwa wamekaa wanatafuna popoo, chokaa ikipitishwa mkono kwa mkono, mazungumzo yakiwa juu ya karamu ya Waisuri, mkubwa wa kijiji cha ng'ambo ya kijito, aliyekuwa akijiandaa kumaliza matanga ya baba yake.

"Mjomba," Ohoari alisema, "hizi filimbi zetu zimeanza kuota kuvu. Kwa Waisuri ukija na kitu kipya, nitakubebea mkoba wako wa tambuu mpaka meno yaniishe. Ukija na wale hondohondo wako, basi wewe nenda ukakae kushoto, mimi nisimame katikati."

"Wewe meno yakuishe mara ngapi? Hata ya utoto bado unayo," Haumae alimjibu, na wanaume wakacheka. Lakini walipomaliza kucheka walimtazama, wakingoja. Haumae akatema mate mekundu, akasema haya, na iwe hivyo. Mbele ya watu wote. Hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe.

Sasa, wimbo wa filimbi kwao hauna maneno. Kwa hiyo kabla ya kupiga, kiongozi husimama akataja jina la wimbo, akasema sauti yake imetoka wapi na ni ya nani. Ukiipata kwa chura, sema chura. Ukiipata kwa mtu, mtaje mtu huyo, umpe chake mbele ya watu, ndipo upulize. Asiyefanya hivyo ni mwizi sawa na mwizi wa kuku, ila mwizi wa kuku husahauliwa. Ndiyo maana watungaji wanapenda sauti za msituni. Ndege hadai chochote.

Haumae akaanza kuzunguka. Alikwenda bwawani kwa vyura, akakumbuka kwamba babu yake alishawamaliza vyura wote kwa nyimbo zake. Alisikiliza upepo unaopita kwenye mianzi, lakini huo watu wa pwani walikuwa wameshautungia, tena vizuri. Alilala kifudifudi juu ya jiwe kusikiliza maji yanavyozama chini yake, akaamka na shingo iliyopinda na sauti hakuna.

Nyumbani mkewe, Kenihari, alimkanda shingo kwa mafuta ya nazi na kumwambia kwamba kama anatafuta cha kumfanya alale vibaya, si lazima aende mbali. Kona ya jikoni ilikuwa inavuja tena. Hii ilikuwa nyumba yao ya tatu, na zote tatu Haumae alizijenga kwa haraka akiwa na ndege fulani kichwani, kwa hiyo zote zilirithi tabia moja. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, na Kenihari alikuwa akiamini kwamba walipita nyumbani kwake kabla ya kusema.

"Baba Aharo, makuti yapo pale nje. Yanakungoja tangu mvua ya juzi."

"Karamu ikipita."

"Ikipita hii kuna nyingine, namjua Waisuri." Lakini alisema huku anacheka, maana alikuwa mwanamke wa kucheka, na mikono yake haikuacha kukanda.

Kila jua lilipoanza kuinama, Kenihari alichukua maganda ya magimbi na kifuu chake cha nazi, akaenda nyuma ya nyumba, kwenye mshelisheli, kuwaita nguruwe wake. Hapo ndipo Haumae alipochukua panga na kuondoka. Kelele za nguruwe zilimchafulia masikio, alisema. Mtu anayetafuta sauti hawezi kukaa karibu na zizi. Mkewe alijibu kwamba nguruwe nao hawajawahi kumsifia yeye, na kila mmoja akashika njia yake.

Siku aliyoipata, alikuwa amevuka mto na kupanda mpaka kwenye miti mikubwa, amekaa juu ya mzizi, amekata tamaa, anatafuna popoo bila hata kuisikia ladha. Juu yake alikuwapo kwezi mmoja mweusi, mwenye rangi ya njano kuzunguka jicho. Haumae hakumjali. Kwezi ni ndege wa kupiga kelele, hana jipya. Mara kwezi akainamisha kichwa, akasema:

"Tii... tii... ti-ti-ti, ko."

Haumae aliacha kutafuna. Mbili ndefu, juu. Tatu za haraka zikishuka. Kisha mlio mmoja mkavu, kama wa kitu kigumu kinachogonga kingine. Halafu kimya. Kimya chenyewe ndicho kilichomwinua kwenye mzizi, kwa sababu hakikuwa na urefu mmoja. Mara kirefu, mara kifupi, mara unadhani imekwisha, na hapo ndipo inapokujia tena: tii. Hakuwahi kumsikia ndege yeyote akingoja namna ile. Ilikuwa kama kuna mtu yuko peke yake mahali, na hayuko peke yake kabisa.

Alilia. Naona hakuna aibu kulisema, maana yeye mwenyewe hakuiona. Kisha akakata mwanzi palepale, akaanza kupima urefu kwa vidole.

Wimbo mpya hufundishwa mafichoni ili wageni wasiuibe kabla ya karamu, kwa hiyo Haumae aliwapeleka wenzake ng'ambo ya mto, mbali na kijiji. Aliwagawia sauti ile kama mtu anayegawa nyama: huyu apige "tii" ya kwanza, huyu ya pili, hawa wawili wapokezane zile tatu za haraka mpaka usijue ya nani ni ipi, na Rokota, jirani yake mnene mwenye filimbi kubwa, apige ile "ko". Walipoishika, hata Ohoari alijisemea kwamba mjomba bado yumo, akaanza kuutazama ule mkoba wa tambuu kwa huzuni, akikadiria uzito wake.

Rokota peke yake hakutulia. "Kaka," alisema, "hiki kitu nimekisikia mahali."

"Kila wimbo mzuri husikika kama ulishausikia."

"Labda. Lakini kila nikiupiga naona njaa."

"Wewe huona njaa hata ukipiga chafya," Haumae alimwambia, na mazoezi yakaendelea.

Siku ya karamu uwanja wa Waisuri ulijaa. Magimbi yalipangwa lundo refu kuliko mtu, juu yake mikungu ya nazi, na pembeni mabakuli ya magimbi yaliyotwangwa na kumwagiwa tui la nazi. Watu wa pwani walikuja na mitumbwi ya injini, na vijana wao wameshika simu juu ili wanase muziki. Kijiji cha Haumae kilikuwa palepale ng'ambo ya kijito, kiasi cha kuitana. Kenihari alikaa na wanawake wenzake chini ya kivuli, amevaa shanga zake za simbi, na mume wake alipopita kwenda katikati alimnong'oneza asisahau kupumua.

Haumae akasimama. Aliwatazama watu wa pwani, akamtazama Ohoari, akasema kwa sauti ya mtu ambaye hajalala usiku kwa furaha kwamba wimbo huu ni mpya, jina lake ni Kwezi wa Ng'ambo. Sauti ameipata kwa ndege msituni. Haina mwenyewe.

Akagusa chini kwa kisigino.

Tii, tii, ti-ti-ti, ko. Filimbi zilipokezana, zikapandana, na kile kimya kikaja katikati yao kama mgeni anayekaribishwa. Watu waliacha kutafuna. Mzee mmoja wa pwani alishusha simu ya mjukuu wake aliyekuwa amemziba. Haumae aliona hayo yote na moyo wake ukajaa, akafumba macho.

Alipoyafumbua, mbele yake alikuwa amekaa nguruwe.

Alikuwa jike kubwa lenye sikio lililopasuka, limelowa kutoka kijitoni, na lilimtazama Haumae usoni kwa adabu, kama mtu aliyeitwa na anangoja kuambiwa alichoitiwa. Nyuma yake walikuwa wanakuja wengine. Walitokea kwenye migomba, walitokea chini ya sakafu za watu, wakubwa kwa wadogo, wakivuka kijito kwa kelele, na kila filimbi zilipoanza upya "tii", wakaongeza mbio. Wimbo mpya ukikatika katikati huleta nuksi, hilo kila mtu analijua, kwa hiyo Haumae hakuweza kuacha. Na kadiri alivyopuliza ndivyo walivyozidi kuja. Vitoto vya nguruwe vilikuwa vinapita katikati ya miguu ya wapigaji. Lundo la magimbi lilianza kutetemeka, kisha likalala. Rokota, machozi yanamtoka, alipiga "ko" yake ya mwisho, na nguruwe wote wakainua vichwa kwa pamoja, wakingoja maganda.

Ohoari ndiye aliyetangulia kusema.

"Mjomba," alisema, "umetuambia sauti haina mwenyewe. Mbona wenyewe wamekuja wote?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia nguzo. Wanawake wa kijiji cha Haumae walikuwa wameangukiana. Katikati yao Kenihari alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa, hawezi hata kusema, mpaka alipomwona mume wake alivyosimama. Hapo akaacha kucheka.

Kicheko Haumae alikizoea. Kilichomkaa kooni ni lile jike lenye sikio lililopasuka, alilolijua vizuri, kwa kuwa lilikuwa lake. Alikuwa amepanda milima kutafuta sauti iliyokuwa ikiimbwa nyuma ya nyumba yake kila jioni. Msitu mzima ulijua, ndege alijua, nguruwe walijua. Yeye mwenye masikio ndiye aliyekuwa akichukua panga na kuondoka. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, na haikuwa mbele ya watu wa pwani.

Waisuri, ambaye magimbi yake yalikuwa yanaliwa, aliwaomba vijana wawafukuze nguruwe kwanza, halafu akataka kujua jambo hili ni la nani. Kenihari akainuka. Alisema ndivyo anavyowaita nguruwe wake, kwa mluzi na kugonga kifuu, na wao hawajui wito mwingine. Huyo kwezi anamfahamu. Hukaa kwenye mshelisheli kila jioni akingoja makombo, na siku hizi huwaita nguruwe mwenyewe kwa utundu, kisha anawacheka.

Ohoari hakupoteza muda. Wimbo una mwenyewe, alisema, na mjomba ametangaza mbele ya watu kwamba hauna. Kwa hiyo hajaleta kitu. Waisuri alifikiri. Alisema kudanganya ni kitu kimoja na kudanganywa na ndege ni kingine, lakini kweli wimbo una mwenyewe, na mwenyewe ndiye atakayesema. Kenihari akimpa mumewe, Haumae atautangaza upya kama inavyopasa na atabaki katikati. Akimnyima, basi katikati ni kwa Ohoari kuanzia leo. Lakini kwanza aseme naye sauti hiyo aliipata wapi.

Kenihari hakuwa na haraka. Alichukua popoo kwa jirani yake, akaipasua, akatia chokaa, akatafuna. Haumae alimtazama mdomo kana kwamba hajawahi kuuona.

"Niliipata kwenye nyumba yetu ya kwanza," alisema. "Huyu alijenga, akaweka makuti juu kama mtu anayefunika chungu, akaondoka. Alisema amesikia kitu bondeni. Mimi nina mimba ya Aharo, tumbo hili hapa, siwezi kupanda juu ya paa. Mvua ikanyesha siku nyingi. Ikavuja pale penye kichwa changu. Nikaweka kifuu. Ikawa tii, tii, ti-ti-ti, na kifuu kikijaa kinayumba, kinagonga nguzo, ko. Nikawa naingoja. Ikichelewa naiambia, haya njoo. Tukawa wawili, mimi na hilo tone. Baadaye nikapata kitoto cha nguruwe, nikawa nakiita hivyo hivyo, maana ndio wimbo niliokuwa nao."

"Na yeye alikuwa wapi siku zote hizo?" Waisuri aliuliza.

"Alikuwa anawafuata hondohondo."

Mwaka ule Haumae alirudi nyumbani na wimbo uliomfanya ajulikane Malaita yote, akabebwa mabegani, na sasa alikumbuka mkewe alikuwa mlangoni na mtoto mchanga, anatabasamu. Hakukumbuka kama aliuliza chochote juu ya paa. Alivua mkufu wake wa simbi, ule mrefu aliopewa na watu wa pwani, akampelekea Kenihari kwa mikono miwili. Alimwambia achukue, na vingine viko nyumbani, na wimbo akitaka ampe mtu mwingine ampe, ana haki.

Kenihari aliutazama mkufu, akautazama uso wake. Aliviacha vyote viwili vingoje kidogo.

"Simbi zako sizitaki," alisema. "Ohoari naye simpi, bado hajaoa, hajui hata nyumba inavyovuja. Nakupa wewe. Ila jina nalitoa mimi. Na kila karamu, popote mtakapokwenda, ulitaje wewe mwenyewe kwa mdomo wako kabla ya kupiga."

"Jina gani, mama Aharo?"

Akamwambia sikioni. Wanawake waliokuwa karibu walisikia, wakaanza kuanguka upya.

Haumae alirudi katikati. Alijikohoza, na watu wa pwani wakainua simu zao.

"Wimbo huu," alisema, "ni wa mke wangu, Kenihari. Aliupata kwa mvua. Jina lake ni Paa la Haumae Linavuja."

Kelele zilizopigwa, Waisuri alisema baadaye, zilimfidia magimbi yake yote. Halafu kikundi kikapiga tena, na safari hii Haumae hakufumba macho. Alikuwa anamtazama Kenihari, na mahali pa kimya alisubiri mpaka alipoona kidevu chake kimeinuka kidogo, ndipo akagusa kisigino. Ukawa mzuri kuliko mara ya kwanza. Nguruwe walilia kwa uchungu kutoka walikofungwa.

Ohoari anabeba mkoba wa tambuu mpaka leo, na meno yote bado anayo. Kikundi kimefika pwani, kimefika mpaka Honiara, na kila mahali Haumae husimama akataja jina kamili bila kuruka neno. Daima kuna mtu nyuma anayeuliza kwa sauti, "Mpaka sasa?" Haumae huapa kwamba halivuji tena. Hakuna anayemwamini, na wimbo unapendwa zaidi.

Lakini kweli halivuji. Wiki ileile baada ya karamu alipanda juu na makuti yale yaliyokuwa yakingoja, akayafunga safu kwa safu, polepole, ndege wakipita na yeye asigeuke. Mvua ya kwanza ilipokuja, alasiri, walikaa jikoni wakisubiri. Kona ilikuwa kavu. Mvua ilivuma juu ya makuti, sauti moja nene isiyo na mwanya, na Haumae akajisikia fahari ya mjenzi, jambo geni kwake.

Ndipo akamsikia Kenihari, aliyekuwa anamenya magimbi na hata hakujua anafanya nini. Tii, alisema kwa pumzi. Tii. Kisha akangoja, kisu kimesimama hewani.

Haumae aliinuka taratibu, akachukua kifuu cha nazi, akakaa karibu naye pale chini kungojea zamu yake ya kugonga.